Saa ya Seva na Vyoo vya Harusini

Zulfa mwanangu,

Naandika nawe uko chumba cha pili, nakusikia ukipigana na zipu ya begi. Nilikwambia blanketi la tatu halitaingia, ukanijibu Eldoret kuna baridi. Haya, pigana nalo. Barua hii nitaitia kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako, na juu ya bahasha nimeandika usiifungue mpaka kesho mchana, popote utakapokuwa. Huenda utaisomea ndani ya basi. Huenda utaisomea jikoni kwangu, basi limekuacha, macho yamekuvimba. Hapa ninapoanza kuandika mwenyewe sijui itakuwa wapi.

Sitakwambia habari za sweta, wala za maji ya kuchemsha, wala za vijana. Hayo umeyasikia mpaka yamekukinai, na hilo la vijana nilikuona ukilisikiliza huku ukitafuta kiatu.

Jambo lenyewe ni hili. Kazi yako ya kompyuta yaanza Jumatatu asubuhi, na wenye kiwanda wameandika kwa wino mweusi kwamba usipotokea siku hiyo, nafasi yapewa aliyekufuatia. Shule zafunguliwa, mabasi ya Jumapili yamejaa mpaka mlangoni. Kwa hiyo ni basi la kesho ama hakuna kazi. Na babu yako hataki uende. Babako alipopigiwa simu kule melini alisema, "Muulizeni mamake," kama anavyosema kwa kila kitu tangu tuoane, kisha laini ikakatika, nami sina hakika kwamba ilikatika yenyewe.

Leo baada ya alasiri babu yako aliniita barazani. Alikuwa na tasbihi mkononi, lakini hakuwa akihesabu kitu.

"Rukiya," akasema, "saa za nyumba hii azishika nani?"

"Mimi, Baba."

"Na mtoto aamka kwa saa ipi?"

"Ya ukutani. Na ya jikoni. Na ya mkononi, akikumbuka alipoiweka."

"Basi zirudishe nyuma kidogo. Kidogo tu. Ataamka, atakunywa chai, atakwenda zake, akute basi limeondoka. Hakuna aliyemkataza. Ni kudra."

"Baba, kudra haigeuzwi kwa mkono."

"Mungu hutumia mikono ya watu," akasema, akarudi kwenye tasbihi yake, na safari hii akahesabu kweli.

Nikamjibu, "Nitaona." Wewe wanijua, nikisema nitaona, ujue sijakataa.

Nimekaa na neno hilo tangu alasiri. Na kila nikilifikiria namkumbuka Bwana Sudi na vile vyoo. Kisa hiki hukijui chote. Ulikuwa kidato cha nne, ulikuwa wajua kila kitu duniani, hukuwa na haja ya kusikiliza mambo ya ofisini kwa mama. Ulichosikia ni kwamba nilirudi nyumbani nikinuka marashi huku nalia, na babu yako akadhani nimekwenda kuolewa upya.

Wakumbuka walipoleta seva pale ofisini Mbaraki. Mimi nilikuwa mpiga chapa tu. Fundi wa Nairobi akaunganisha kompyuta zote kwa nyaya, akasema sasa hizi ni za Windows na zimekuwa ukoo mmoja, domeni, na mkubwa wao ni hii iliyo kwenye kabati. Akatafuta mtu wa kumwachia funguo za kabati, wanaume wote wakatazama karatasi zao, nami nikanyoosha mkono. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtaalamu, mwanangu. Usimwambie mtu huko Eldoret.

Wewe umeyasomea mambo haya na wayajua kwa majina yake. Mie nilijifunza kwa kuchungulia. Asubuhi karani akiketi, akaandika jina lake na neno lake la siri, kompyuta yake yapiga hodi kwa seva. Seva ikishamtambua, yampa amri fupi zilizoandikwa na fundi, na mojawapo yasema: chukua saa yangu. Nayo yachukua. Haiulizi mara mbili, haibishi, haisemi "lakini mie nilikuwa na yangu." Kwa sababu kila kompyuta ina kisaa chake ndani na kibetri chake, na kila kisaa kina tabia yake. Kimoja chakimbia, kingine chajivuta, na ukiviacha mwezi mmoja hakuna viwili vilivyo sawa. Seva ndiyo yavipanga mstari kila kukicha. Nilipoliona hilo mara ya kwanza nilifurahi, nikatamani niwe na kitu kama hicho cha kukupanga wewe.

Na seva yenyewe yamuuliza nani? Hilo sikuliuliza. Nilidhani kitu cha bei ile chajua.

Sasa Bwana Sudi, bosi wetu, alikuwa na saa ya mkononi kama ya babu yako, ya Kiswahili haswa. Ikiwa saa nne asubuhi, mshale uko kwenye nne. Hakuwa mtu wa kutazama kumi akasema nne. Siku moja akaja kuionyesha seva yake kwa wageni, akasimama mbele ya kioo, akatazama, akatazama mkononi, akatazama tena.

"Bi Rukiya," akaniita, "hii yasema saa ngapi?"

"Kumi, Bwana."

"Saa kumi watu wanarudi makwao! Sasa hivi ni saa ngapi?"

"Nne."

"Nimelipa pesa zote hizo kwa kitu kisichojua saa?"

Wageni wakacheka. Mie hapo nilikuwa na wiki moja tu ya kushika funguo, na mwenye funguo mpya hupenda kufungua. Ningeweza kumwambia, Bwana, hii yahesabu toka usiku wa manane, sisi twahesabu toka jua. Alijua, kila mtu ajua. Badala yake nikasema, "Hewallah, Bwana, nitairekebisha." Nikaketi, nikairudisha seva nyuma saa sita. Nilijiona fundi kuliko fundi.

Kesho yake asubuhi ofisi nzima ilifungua kompyuta zao, zikapiga hodi, zikachukua saa mpya. Na wajua nini kilitokea? Hakuna aliyelalamika! Watu walifurahi. Saa moja ilikuwa moja, saa tatu ilikuwa tatu. Karani wa hesabu, yule mzee wa Majengo, alikuja kunipa mkono, akasema ndiyo mara ya kwanza mashine kumheshimu. Bwana Sudi alipita meza kwa meza akilinganisha na mkono wake, meno yote nje. Nami nilitembea pale kama mke wa liwali.

Lakini tulikuwa na bohari yetu kule Makupa, akiisimamia Kazungu, Mgiriama mmoja mpole asiyependa maneno mengi. Yeye alikuwa na kompyuta moja, haikuwa kwenye nyaya zetu. Mara moja kwa siku, jioni, yapiga simu, yabadilishana faili na seva, kisha yakata. Na sheria ya kubadilishana ilikuwa rahisi: faili moja likiwa pande zote mbili, jipya lafuta la zamani. Jipya ni lipi? Ni lile lenye saa ya mbele. Basi.

Kompyuta ya Kazungu haikuwa imeambiwa lolote kuhusu Uswahili wa Bwana Sudi.

Siku hiyo hiyo kulikuwa na mteja wetu, Bwana Aboud, ajenga hoteli pwani ya kaskazini. Kontena lake la vyoo vya kukalia lilikuwa limetoka bandarini, liko kwa Kazungu. Karatasi ya kwanza ilisema vipelekwe kwao, Mji wa Kale, viwekwe vyumba vya chini. Asubuhi saa tano Kazungu alifungua faili lile, akaandika namba ya lori, akafunga. Kompyuta yake ikaandika: kumi na moja. Alasiri saa tisa Bwana Aboud akaja mbio ofisini. Dada yake aolewa kesho, na mama yake kaapa hakiingii kitu nyumba ile mpaka harusi ipite. Vyoo vipelekwe hotelini moja kwa moja. Mimi mwenyewe nikabadilisha. Kompyuta yangu ikaandika: tisa.

Jioni zikapigiana simu. Kumi na moja ikakutana na tisa, ikaifuta. Wewe wajua kilichofuata, na mimi hapo nilikuwa niko nyumbani nakaanga samaki bila wasiwasi.

Kesho yake lori likaenda Mji wa Kale. Uchochoro wenyewe hata punda wawili hawapishani, kwa hiyo hamali wakavishusha barabarani na kuvipakia kwenye mikokoteni, vimefungwa vizuri kwa karatasi, na msafara ukaingia mtaani. Nyumbani ilikuwa siku ya kupamba. Wanawake wamejaa mpaka ngazini. Mtoto akachungulia dirishani, akapiga kelele kwamba upande wa bwana harusi wameleta zawadi, na ni mikokoteni tele! Lo! Vigelegele vikapanda. Udi ukatolewa mlangoni. Hamali wa kwanza, maskini, akamwagiwa marashi kichwani asijue kosa lake. Akatua mzigo katikati ya ukumbi kwa adabu zote, nyanya wa bibi harusi akaja mwenyewe kuufungua, akavuta karatasi.

Choo cheupe, kinang'aa. Kisha yule nyanya akasema, "Kwani wameambiwa sisi twaumwa na matumbo?"

Niliitwa, nikapelekwa pale na Bwana Aboud karibu anishike sikio. Nilipofika, nusu ya vyoo viko ndani, nusu viko uchochoroni, vijana wawili wamekalia vyao na kahawa mkononi. Upande wa bwana harusi wameshapata habari kwamba wametukanwa kuwa wametukana, na mama yake ametuma neno kwamba mwanawe alipeleka halua, si vyoo, na asiyejua tofauti asile halua ya watu. Nilisimama mbele ya nyanya yule, nikaeleza habari za seva. Hebu fikiri! Naeleza seva kwa kikongwe aliyeshika kifuniko cha choo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanimwagia marashi yaliyobaki, akasema, "Yaonyesha umechoka, mwanangu." Ndipo nikalia.

Aliyeiokoa harusi ni bibi harusi mwenyewe. Alitoa kichwa kwenye pazia la chumbani, wanja umemwagika kwa kucheka, akasema, "Mie simwachi mtu kwa sababu ya choo. Na kimoja kibaki."

Nilirudi ofisini, nikampigia Kazungu.

"Kazungu, kwa nini umepeleka kule?"

"Faili lasema kule, Bi Rukiya."

"Nililibadilisha jana saa tisa!"

Akaniuliza, "Kwani sasa hivi huko kwenu kwenye kompyuta ni saa ngapi?"

"Nane."

"Yangu yasema kumi na nne," akasema. Nikahesabu kwa vidole: saa sita, zile zile nilizozirudisha mimi.

Bwana Aboud alitaka nifukuzwe. Bwana Sudi alitazama dari, akasema mashine hizi zina mambo. Hakunifukuza, na mpaka leo hatujawahi kuitaja ile siku mimi na yeye. Mimi nikaipeleka seva mbele saa sita palepale, mchana kweupe, kwa pupa ile ile, nikavuruga tena: kijana wa mapokezi akadai kompyuta yashuhudia kwamba ameketi kazini saa kumi na mbili bila kula, na ataka ruhusa.

Nimeyafikiria haya miaka miwili sasa, Zulfa. Kilichoniuma si kwamba tulikosea. Ni kwamba tulikosea kwa furaha. Ofisi nzima tulikuwa sawa na wenzetu, hakuna aliyesema uongo, seva haikusema uongo, tulipeana mikono. Na aliyekuwa na saa ya haki ni Kazungu peke yake, na ndiye aliyepeleka vyoo harusini. Kwa hiyo sikwambii ushike haki yako usimame nayo peke yako, maana nimeona ilivyomfikisha mwenzangu. Tungeulizana tu. Simu ya dakika moja Makupa: wewe una ngapi? Lakini mimi nilikuwa na aibu ya kuuliza, nilikuwa mtaalamu wa wiki moja.

Huko uendako utakuta seva iliyowekwa na mtu aliyekwisha ondoka. Itakuwa na saa yake, pengine mbovu, na watu wameizoea, na mkubwa mmoja aipenda vile vile ilivyo. Mie ningekunywa chai na kila mtu kwanza. Ningeuliza nani aitegemea saa hii, hata mlinzi, hata dereva. Kisha ningeisogeza kidogo kidogo, isishtue mtu. Wewe utafanya utakavyo, najua, lakini kumbuka una damu yangu na mikono yako pia hupenda kufungua.

Na ile seva sasa yaniuliza mimi. Hiyo ndiyo siri ya utaalamu wote: juu kabisa ya ukoo ule wa kompyuta yuko mwanamke wa makamo na redio. Kila siku mchana, kabla ya taarifa ya habari, vile vipigo vya saa vikilia, niko pale kidole kimewekwa tayari. Bwana Sudi akipita hufikiri nasoma dua, hupunguza sauti. Na mimi hupatwa na hofu kila siku, hasa kwa sababu hakuna wa kuniambia nimekosea. Wote watanifuata.

Basi Baba ananiambia nigeuze saa za nyumba. Aeleza kama jambo dogo, na kweli ni dogo, ni kupanda kiti tu. Mngenifuata wote. Tungeamka vizuri, tungekunywa chai na mahamri bila haraka, ungenikumbatia, ungekwenda na begi lako, na basi lingekuwa limeshapita Mariakani. Hakuna ambaye angejua. Na Jumatatu ungekuwa hapa, ungenikasirikia wiki mbili, kisha ungeanza kunicheka tena nikivaa miwani juu ya miwani.

Nitakwambia kweli, mwanangu: nataka. Nataka sana. Sijui nitakula na nani. Babu yako hula kimya na babako hula baharini. Wewe ndiwe mtu wangu wa kuzungumza naye tangu ulipojua kusema, na ulijua mapema mno. Kile kitanda chako, kesho kutwa sijui nitamtandikia nani.

Umenyamaza huko. Begi limefunga, au umelala juu yake. Ngoja niinuke kidogo.

Nimerudi. Nimepanda kiti sebuleni, nimegeuza ya ukutani. Babu yako alikuwa anakwenda kutia udhu, akaniona nimeshika mishale, akasimama. Alitabasamu, Zulfa, tabasamu sijaliona tangu uzaliwe, akaniombea dua ya kuongezwa baraka, akaenda kulala na furaha yake. Hakuuliza naigeuza upande gani.

Nimezipeleka mbele. Saa moja nzima. Ya ukutani, ya jikoni, na hiyo yako ya mkononi uliyoisahau juu ya friji. Alfajiri muadhini ataadhini kwa saa yake, yule siwezi kumsogeza, lakini wewe utakuwa husikii kama kawaida yako, astaghfirullah, na kwa mara ya kwanza uvivu wako utanifaa. Dereva wa teksi nimeshamwambia aje mapema na asiwashe redio. Saa ya ofisi ya basi imekufa, nilihakikisha nilipokwenda kukata tikiti.

Kwa hiyo hutachelewa. Tutakaa pale kwenye benchi, wewe na mimi, hakuna simu, hakuna Babu, hakuna wa kuniita Bi Rukiya njoo utazame mashine. Utatazama saa yako, utasema watu hawa hawana haya, basi limechelewa saa nzima. Nami nitawatukana pamoja nawe, nitawatukana sana, huku nimekushika mkono.

Usije ukawalalamikia, mwanangu. Basi lilikuja kwa wakati wake. Sasa irudishe saa yako nyuma, ufike kazini na saa ya haki. Hiyo saa moja niliichukua mimi.

Mamako,
Rukiya